Siku Moja Kisiwani Yatosha, Bora Ujue Saa

Mama mmoja wa Ruiru ametuandikia barua ambayo nimeisoma mara tatu. Yeye na mumewe wana watoto wawili, mmoja yuko gredi ya tano na mwingine gredi ya pili. Kwa mwaka mzima wamekuwa wakiweka akiba katika chama ili likizo ya Desemba waende Mombasa wakae siku nne. Mtu aliyejiita wakala wa safari aliwaonyesha picha za hoteli kwenye simu, akapokea arbuni, kisha simu yake ikazimwa na haijawashwa tena. Pesa zilizobaki, asema mama huyu, zatosha nauli na chakula lakini hazitoshi kitanda cha hoteli hata usiku mmoja.

Watoto wamekwisha kuahidiwa bahari. Baba watoto naye ameshikilia kwamba kwenda Mombasa na kugeuza ni kuchoma pesa, heri zinunue sare za shule mwezi wa Januari. Mama auliza: je, siku moja Mombasa ni safari au ni uchovu mtupu?

Jibu langu, mama, ni kwamba ni safari, tena safari nzuri. Lakini ina masharti yake, na asiyeyafuata atarudi Ruiru akiwa na uchovu ule anaouogopa mumeo. Kwa hivyo leo tuyaangalie masharti hayo moja baada ya jingine, maana naamini si familia hii pekee iliyo na pesa kidogo na ahadi kubwa.

Tuanze kwa wageni ambao hawana ila siku moja. Kila mwaka, hasa msimu wa kaskazi, meli za watalii hutia nanga katika bandari ya Kilindini. Ndani yake mna watu waliokata bahari kutoka nchi za mbali na kulipa pesa nyingi. Hata hivyo, wengi wao hushuka asubuhi na kutakiwa wawe wamerudi melini jioni. Matajiri hawa nao, kama ilivyo familia ya Ruiru, hupata Mombasa ya saa nane au kumi tu.

Wanaposhuka hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wale walionunua matembezi ndani ya meli. Hao hupakiwa katika mabasi, huonyeshwa hiki na kile, na hurejeshwa kwa wakati. Fungu la pili ni la wale wanaotoka langoni kwa miguu yao, ramani mkononi, wakajitafutia wenyewe. Hao hulipa kidogo na huona mengi, kwa sababu hukaa wanapopenda na kuondoka wanapochoka. Lakini wana hatari moja. Basi lililokodiwa na meli likichelewa, aghalabu meli hulisubiri. Abiria aliyejiendea mwenyewe akichelewa, meli hung'oa nanga ikamwacha gatini.

Kwa ajili hiyo wasafiri wa fungu la pili wamejifunza mambo matatu. Huchagua vitu vichache, watatu au wanne, wakaacha vingine bila majuto. Huyafanya ya mbali na ya jua kali mapema, wakaacha ya karibu na ya kivuli baadaye. Na saa ya kurudi huihesabu kutoka nyuma kwenda mbele: meli yaondoka saa kumi na mbili, basi saa kumi niwe ninaelekea bandarini. Mambo haya matatu ndiyo ninayotaka mama wa Ruiru ayachukue. Treni nayo, kama meli, haimngojei mtu.

NAULI NA USIKU MBILI

Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina safari ya usiku inayoondoka Nairobi yapata saa nne na kufika Mombasa kabla ya kupambazuka. Usiku unaofuata yarudi vivyo hivyo. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, daraja la kawaida ni Sh1,500 kwa mtu mzima, na mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na mmoja hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili ni Sh4,500 kwenda, na Sh9,000 kwenda na kurudi. Ratiba na nauli hubadilika, kwa hivyo thibitisha kabla ya kulipa, na ununue tiketi zote mbili siku moja. Ukinunua ya kwenda tu, waweza kukuta ya kurudi imekwisha, hasa mwezi wa Desemba.

Sasa nisifiche ugumu wake. Viti vya daraja la kawaida havilazwi, na watu hukaa wakielekeana. Usiku wa kwanza watoto watalala kwa furaha, wa pili watalala kwa kuchoka, lakini mtu mzima mwenye mgongo mbovu atateseka. Safari hii haimfai mtoto mchanga wala nyanya aliyevimba miguu. Beba leso mbili za kujifunika, chupa za maji na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto.

Jambo jingine, kutoka Ruiru au Thika hadi kituo cha treni kule Syokimau ni safari peke yake. Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 tulidhani foleni zimekufa, lakini kila mkazi wa Githurai na Ruiru ajua zilivyofufuka. Siku ya Ijumaa ondokeni Ruiru saa kumi jioni, na wa Thika waondoke mapema zaidi. Ukifika katikati ya jiji, kuna treni ya abiria inayounganisha kituo cha zamani na kile cha Syokimau. Fikeni saa nzima kabla, maana kuna ukaguzi wa mizigo, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake.

KISIWA KIDOGO, MAMBO MENGI

Wengi wetu wa bara husema "Mombasa" tukimaanisha pwani yote, kuanzia Mtwapa hadi Diani. Hapo ndipo siku moja inapopotea. Mombasa yenyewe ni kisiwa kidogo. Upande wa magharibi chashikana na bara kwa njia ya Makupa na ya Kipevu, kaskazini kwa daraja la Nyali, na kusini ni kivuko cha Likoni. Mtu mwenye siku moja afanye uamuzi wa kiume, au wa kike: abaki kisiwani. Hoteli za ufuoni, hifadhi ya wanyama ya Bamburi na kwingineko ziachwe hadi akiba itakaponenepa.

Kituo cha treni kiko Miritini, nje ya kisiwa, zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini. Mkifika bado ni giza, msikimbilie mjini. Kaeni kituoni hadi kupambazuke, watoto wanawe uso, ndipo mpande matatu za kuelekea mjini. Atakayewafuata akiwaambia matatu hazipo, ila gari lake tu, mpeni salamu na mwendelee.

Cha kwanza ni chakula. Staftahi ya Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye iliki. Familia nzima hushiba kwa bei ambayo Nairobi haipati sahani moja ya chipsi na kuku. Ukiingia kibandani sema "Salaam aleikum" au mwamkie mama muuzaji kwa heshima, na watoto waseme "Shikamoo." Utaona uso unavyofunguka na mbaazi zinavyoongezwa.

Saa mbili asubuhi muwe mlangoni pa Fort Jesus, kabla jua halijapanda. Chukueni kitambulisho, kwani mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na simu iwe na chaji na salio kwa ajili ya malipo.

Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Watoto wenu wataisoma darasani kama jibu la mtihani. Waonyesheni kama nyumba ya watu. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na mzingiro ule ulidumu karibu miezi 33. Waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vyombo vilivyoopolewa na wapiga mbizi kutoka chini ya bahari vimewekwa katika makumbusho ya humo. Ngome ilianguka Desemba 1698.

Baadaye ukoo wa Mazrui ulitawala kutoka humo hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoichukua. Waingereza waliigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikawa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Waulizeni watoto swali moja tu wanapopanda ukutani: kwa nini mtu ajenge hapa, wala si kule? Wataangalia mlango wa bahari, nao watajijibu. Jibu walilojitafutia hawatalisahau.

Kuhusu waongozaji wa pale mlangoni, msiwakwepe kama ukoma. Mwongozaji mwenye beji, mliyepatana naye bei kabla ya kuanza, ana faida. Mwambieni wazi: "Kaka, tuna saa moja, na pesa yetu ni kiasi hiki." Akikubali, mfuateni na mumsikilize. Akikataa, ngome ina maandishi ukutani. Kujitembeza si kukataa kila msaada. Ni kuchagua msaada unaoutaka na kuujua bei yake.

NDIA KUU

Kutoka ngomeni, ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Barabara yake maarufu yaitwa Ndia Kuu. Mwanafunzi wa Thika atadhani aliyeandika kibao alikosea, lakini hakukosea. Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema "ndia" pale Kiswahili sanifu kisemapo "njia", na "ndaa" badala ya "njaa". Hii ndiyo lugha aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji, mshairi wa karne ya 19 ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa jina. Ukimsikia bibi wa Mji wa Kale akizungumza na mjukuu wake barazani, umepata somo la lahaja lisilolipiwa karo.

Tazameni milango iliyochongwa na roshani za mbao zilizoning'inia juu ya vichochoro. Tazameni Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe, ambao wenyeji huhesabu umri wake kutoka mwaka 1570. Mwendelee hadi ufikie bandari ya zamani, yaliko majahazi, na nyumba iitwayo Leven House, ambayo jina lake lilitokana na manowari ya Waingereza iliyofika Mombasa miaka ya 1820.

Hapa kuna adabu za kushika. Mji wa Kale ni watu wanaoishi, wala si jumba la maonyesho. Kaptura fupi na vifua wazi viacheni ufuoni. Msimpige mtu picha kabla ya kumwomba, hasa akina mama waliovaa buibui. Msikitini msiingie bila kukaribishwa. Na kama siku yenu ni Ijumaa, adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala, kwa hivyo Jumamosi ni afadhali.

Kufikia saa tano u nusu jua litakuwa la kupasua kichwa. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kulazimisha matembezi. Ingieni kivulini. Soko la Mackinnon, ambalo kila mtu huliita Marikiti, li karibu. Humo kuna iliki, mdalasini, bizari, pilipili, achari za maembe na mabuyu mekundu yanayopaka ulimi rangi. Mtaa wa Biashara hauko mbali, na ndiko kwa leso. Kila leso ina maandishi yake, yaitwayo jina. Mpe binti yenu wa gredi ya tano kazi ya kusoma majina ya leso kumi na kuchagua moja la kumpelekea nyanya. Ni zawadi itakayodumu kuliko kinyago cha plastiki, nayo ni somo la methali bila mwalimu.

Chakula cha mchana kiwe pilau au biriani, na tangawizi baridi. Pumzikeni. Saa nzima ya kukaa si saa iliyopotea. Mtoto aliyechoka humharibia siku mtu mzima wa watatu.

BAHARI YENYEWE

Sasa tufike kwenye ahadi. Watoto wameahidiwa bahari, na mtoto akisema bahari amaanisha kuingia majini. Hapa mama na baba wachague, maana zipo njia mbili na haziendi pamoja.

Njia ya kwanza ni kubaki kisiwani. Saa nane na nusu tembeeni Barabara ya Moi hadi kwenye Pembe, zile za chuma cheupe zinazopishana juu ya barabara, ambazo ziliwekwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Pigeni picha, kisha shukeni Likoni mpande feri. Mtembea kwa miguu halipi. Mtoto wa Ruiru ambaye maji makubwa aliyowahi kuona ni bwawa, hapo hupanda chombo kikubwa kilichobeba magari na mamia ya watu, akavuka bahari na kurudi bila senti.

Lakini mshike mkono. Wakenya hatujasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya 270 wakafa, chanzo kikiwa msongamano. Msipande saa za watu kutoka kazini, msisimame karibu na ulingo wa magari, na mkiona chombo kimejaa, ngojeni kinachofuata.

Baada ya feri nendeni Mama Ngina, ule ufuo wa juu wenye mibuyu, uliotengenezwa upya mwaka 2019. Hapo pana madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na upepo. Na pana meli. Jina Kilindini latokana na kilindi, maana yake maji yenye kina kirefu, na ndiyo sababu meli kubwa hupita hapo karibu na ukingo hata mtoto akaweza kuwapungia mkono mabaharia. Lakini Mama Ngina si mahali pa kuogelea. Pana miamba na mkondo wenye nguvu. Watoto wasishuke majini.

Njia ya pili ni ya wale wasioweza kumwambia mtoto hapana. Hao waache feri na Mama Ngina, na saa saba wavuke daraja la Nyali kwa matatu hadi ufuo wa umma wa Bamburi, ambao wengi huuita Pirates. Ulizeni kwanza habari za maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Yakiwa yamekupwa sana, mtatembea juu ya mchanga na mwani mkitafuta pa kuogelea. Yakiwa yanajaa, msimwache mtoto hata dakika moja. Maboya ya kukodi ni mchezo, hayamwokoi mtu. Na kwa kuwa foleni ya Nyali haina huruma, saa kumi na nusu muwe mmekwisha kuvaa nguo kavu.

Mimi ningechagua njia ya kwanza, lakini watoto si wangu.

Vyovyote itakavyokuwa, hesabuni kutoka nyuma. Treni ya kurudi ni usiku, ukaguzi wataka saa nzima, na barabara ya Makupa hadi Changamwe hufungwa na malori yatokayo bandarini. Kwa hivyo jua likianza kuzama, yapata saa kumi na mbili, nunueni mishkaki au viazi karai vya njiani na mwondoke kisiwani. Heri kukaa saa mbili kwenye benchi la kituo kuliko kuona taa za nyuma za behewa la mwisho.

BABA, HAYA NDIYO MAJIBU

Sasa nizungumze na baba watoto, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Asema ni kuchoma pesa. Mzee, tazama pesa zenyewe zinakoenda. Mgeni aliyenunua matembezi ndani ya meli ameacha sehemu kubwa ya pesa zake hukohuko melini. Wewe utaacha zako kwa mama wa mahamri, kwa kijana wa tuktuk, kwa mwongozaji wa ngome na kwa muuza madafu. Kila mmoja wao ana sare za kununua Januari.

Na watoto watapata nini? Mlangoni pako Ruiru kuna kahawa, na aina moja ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 imepewa jina la mji wako, Ruiru 11. Thika kuna mananasi ambayo hutiwa makopo. Kahawa na mananasi hayo huteremka hadi Kilindini na kupakiwa melini. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899 ndiyo iliyozaa tawi lililofika Thika mwaka 1913, kwa ajili ya mazao ya mashamba. Mazao ya kwenu yamekuwa yakienda Mombasa kwa zaidi ya miaka mia moja. Si haki yaende yenyewe kila mwaka huku mtoto aliyekulia kando ya shamba asione yanakoishia.

Kuhusu pesa zilizoibwa, msikae kimya. Pigeni ripoti katika kituo cha polisi na mpate nambari ya OB, hata kama mwadhani hazitarudi, kwani mwizi wa simu huwaibia wengi na ripoti nyingi ndizo humnasa. Na wengine wajifunze: kampuni ya safari yatakiwa iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na leseni yaweza kuulizwa. Pesa zilipwe kwa nambari ya biashara yenye jina la kampuni, wala si kwa simu ya mtu. Picha za hoteli si risiti. Aidha, bei ikiwa rahisi mno kuliko za wengine, pigeni simu hotelini wenyewe mwulize kama kweli mmewekewa chumba.

ANZENI THIKA

Nina shauri la mwisho, nalo halina nauli kubwa. Kabla ya kwenda Mombasa, ifanyieni familia majaribio hapa nyumbani. Waambieni watoto: tuseme meli imetia nanga Thika, na mgeni ana saa nane tu. Mtampeleka wapi?

Naapa wengi watanyamaza. Tumezoea kuiona Thika kuwa viwanda, stendi ya matatu na foleni. Lakini wakifikiri watakumbuka maporomoko ya mito Chania na Thika, na kati yake hoteli ya Blue Posts iliyoko tangu mwaka 1908. Watakumbuka bustani ya Mugumo, mahali pa mti ambao Mugo wa Kibiru husimuliwa kuwa alitabiri ukianguka utawala wa wageni utakwisha, nao ukaanguka mwaka 1963. Watakumbuka Fourteen Falls juu ya mto Athi, ambako maji hushuka kwa vishindo ingawa uchafu unaotoka mito ya Nairobi umeyaharibu. Na mbele yake mlima Ol Donyo Sabuk wenye urefu wa mita 2,145, lilipo kaburi la William Northrup McMillan.

Wapeni watoto karatasi wapange wenyewe: lipi kwanza, lipi baadaye, lipi liachwe, na saa ngapi muwe nyumbani. Kisha mfanye kama walivyopanga, Jumamosi moja, na chakula mbebe kutoka jikoni. Watakosea. Watapanga mambo sita na kumaliza matatu. Watasahau maji. Makosa hayo yafanyike Thika, ambako nyumbani ni matatu moja, yasifanyike kisiwani ambako treni yaondoka.

Mtoto aliyewahi kupanga siku moja na kuitimiza amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: siku ikiwa fupi, hupangwa, hailaumiwi. Waliopewa siku nne hotelini mara nyingi hulala tatu.

Kwa hivyo mama, nunua tiketi. Baba, beba maji. Nanyi wasomaji wa Thika, Juja na Ruiru mnaojua mahali pazuri ambapo sikupataja, tuandikieni. Jumapili ijayo tutazungumzia watoto wanaobaki nyumbani na yaya likizo nzima.